Huyo mweupe si albino

Mwandishi, ahsante kwa makala, lakini pale ulipoandika kuwa mende mweupe wa Madagaska, wale wakubwa wanaofugwa, ni "albino adimu" umeteleza. Mende yeyote akijivua gamba hutoka mweupe kama nazi iliyokunwa, macho meusi, mwili laini. Saa chache tu, rangi yake inarudi. Nilipokuwa nasoma Uingereza nilipanga nyumba moja na kijana aliyewafuga mende hao ndani ya tangi la kioo. Siku ya kwanza kumwona mweupe nilisoma Ayatul Kursiyyu, wallahi.

Ukubwa nao usikubabaishe ukitaka kumtambua. Mzima hufika sentimita 5 mpaka 7 na nusu, lakini akikulia kwenye baridi, chakula haba na kubanana, anabaki kidude tu. Dume utamjua kwa vinundu viwili kama pembe nyuma ya kichwa, na papasio zenye manyoya.

Rangi ndiyo mtihani. Kuna weusi tii kifuani wenye mgongo wa rangi ya halua, kuna wekundu wekundu, kuna wenye mistari. Wafugaji wameshawachanganya na jamaa zao wa karibu, basi wengi wa madukani ni machotara. Kutaja aina kwa rangi pekee ni kubahatisha.

Msiwalete huku Zanzibar lakini. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa karne ya 19, hatujawamaliza mpaka leo.

Mama yangu, aliyeko Wete, Pemba, nilimtumia picha. Akauliza moja tu: "Anaruka?" Haruki mama, hana mbawa. "Hata hivyo, usije naye."