Malaria "sugu" inaanzia dirishani kwetu

Mtu wa Kigoma akisema ana malaria sugu, yaani isiyosikia dawa, muulize nani kamwambia. Ni mara chache atakutajia daktari. Atakutajia jirani, shemeji aliyeko Dar, au sauti iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na maneno hayo nayasikia kila wiki. Nimefika mahali pa kuamini kwamba sehemu kubwa ya uzushi huu inazaliwa kwetu sisi wahudumu, pale dirishani tunapogawa dawa bila maelezo.

Mtoto anachemka usiku. Asubuhi analetwa, anatobolewa kidole, kipimo cha haraka kinatoa mistari miwili, yaani ana malaria. Anaandikiwa dawa ya mseto, mama anakabidhiwa kipaketi na kuelekezwa mbiombio kwa sababu foleni imefika mlangoni. Mtoto anapona. Baada ya wiki mbili anashikwa na mafua, mwili unapata joto tena. Mama anampeleka kupimwa mahali pengine kwa kipimo kilekile: mistari miwili. Wewe ungefikiri nini? Dawa ya zahanati haina nguvu, ugonjwa umekuwa sugu, sasa ni dripu au ni yule anayeuza chupa za mizizi stendi.

Mama huyo si mjinga. Amefuata ushahidi aliouona kwa macho yake. Kilichokosekana ni sentensi chache ambazo ilikuwa kazi yetu kuzisema: kipimo hiki hakimwoni mdudu wa malaria mwenyewe, kinaona protini anayoiacha kwenye damu, na protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Moto umezimwa, majivu yangali na joto. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza dozi juzijuzi akirudi na homa, damu yake itazamwe kwa hadubini, na homa itafutiwe sababu nyingine pia. Mama akiyajua hayo siku ya kwanza, mistari miwili ya wiki ya pili haitamtisha, na hakuna atakayemuuzia hofu.

Mkoani kwetu jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa takribani asilimia 24 ya watoto wa Kigoma walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa kama asilimia 7. Ni mtoto mmoja katika kila wanne. Kwa hiyo kila kosa la maelezo linarudiwa katika maelfu ya nyumba, kutoka Kibirizi na Ujiji hadi Kasulu na Kakonko.

Dozi nayo ina mambo yake. Mseto ni dozi sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi ziishe. Hufyonzwa vizuri zaidi mgonjwa akila kitu chenye mafuta, na kwa nyumba zetu zenye mawese hilo halihitaji fedha. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe, na mama arudi kuchukua nyingine ya kufidia. Sasa sema ukweli: ni wangapi wanaondoka dirishani wakiwa na haya yote kichwani? Wengi wanakwenda na maandishi ya kalamu juu ya bahasha, na hata hiyo "saa nane" wapo wanaodhani ni saa nane mchana.

Ndiyo sababu nashikilia jambo moja ambalo wenzangu wengine wanaliona ni kupoteza muda. Mgonjwa asiondoke kabla hajanieleza yeye jinsi atakavyotumia dawa. Simuulizi "umeelewa?", kwa sababu jibu ni ndiyo hata kama hakusikia chochote. Nani atamkatalia nesi mbele ya watu? Namwambia, "Mama, ukifika nyumbani baba watoto atakuuliza. Utamwambiaje?" Akikosea, aliyeshindwa kueleza ni mimi, naanza upya. Kwa bibi aliyetoka Buhigwe ambaye Kiswahili kinampita haraka, natafuta wa kumweleza kwa Kiha, na siyo kupandisha sauti kama tufanyavyo mara nyingi.

Swali la pili ninalolipenda: "Umesikia nini kuhusu dawa hii?" Hapo ndipo mambo hutoka. Mzee wa presha atakwambia amesikia kwamba vidonge ukivianza huwezi kuviacha, vinaua figo, afadhali kitunguu saumu na ndimu. Ukimcheka umempoteza. Mimi humwambia presha isiyodhibitiwa ndiyo inayoharibu figo na kuleta kiharusi, kwamba dawa yake ni ya muda mrefu kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa muda mrefu, na kwamba kitunguu saumu ale kwenye mboga, vidonge vibaki pale pale.

Miti shamba isidharauliwe hata kidogo. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Artemisinini, iliyozaa mseto wa leo, ilitolewa kwenye mmea wa pakanga, na mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Nikimweleza mgonjwa hivyo, uso hubadilika, anaona simtukani babu yake. Kisha namweleza kwamba kwenye kidonge kiasi kimepimwa na kuna dawa ya pili iliyoambatanishwa, wakati kwenye chai ya majani hakuna ajuaye kikombe kina dawa kiasi gani, na dozi pungufu hupunguza homa bila kuwamaliza wadudu.

Wanaouza uongo wanatuzidi kwa kitu kimoja: wanakaa na mtu. Wanamsalimu, wanamsikiliza, wanamweleza ugonjwa wake mwanzo hadi mwisho, hata kama maelezo yote ni ya kubuni. Mwaka 2011 watu walisafiri siku nzima kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Hatukuwa na watu wengi wa kuwaketisha na kuwaeleza kwa utulivu namna hiyo. Leo Loliondo imo kwenye simu, na video inamfikia mtu akiwa kitandani.

Kwa hiyo na sisi tuingie humo humo. Kwenye grupu la mama wa kliniki natuma sauti fupi, swali moja jibu moja, na anayetaka kuuliza mbali zaidi namwelekeza kwenye namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo kupiga ni bure. Juzi swali lilikuwa kama chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inawafunga uzazi mabinti. Hapana, haifungi. Inamkinga binti na virusi vya HPV, chanzo kikuu cha saratani hiyo. Hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni sindano moja tu. Mwenye binti wa umri huo ambaye bado, amlete.