Nani anavunja chembe nyekundu za mbuzi: wengu au vifundo vya damu?

Mpasue mbuzi aliyechinjwa, toa matumbo, kisha tazama chini ya uti wa mgongo, kandokando ya mshipa wa aota na jirani na figo. Utakuta vipunje vya mviringo vya milimita chache, vyekundu iliyokolea hata vinakaribia weusi. Wengi huvidhania ni damu iliyoganda, wakavitupa. Kumbe ni vifundo vya damu, viungo vya kinga, na wanyama wanaocheua wanavyo kwa wingi. Vinafanana na tezi za limfu, ila vyumba vyake vya ndani vimejaa damu.

Ubishi uko hapa: je, vifundo hivi vinasaidia kweli kuvunja chembe nyekundu zilizozeeka, au kazi hiyo ni ya wengu na ini, vyenyewe vikiwa wasindikizaji tu?

Wanaovitetea wana ushahidi wa macho. Chini ya hadubini, seli walaji zilizomo, yaani makrofaji, huonekana zimemeza chembe nyekundu, nyingine nzima, nyingine zimeshameng'enywa nusu. Kandoni kuna chembechembe za kahawia za hemosiderini, ambayo ni akiba ya madini ya chuma, na rangi ya Prussia, dawa ya maabara ya kuonyesha chuma, huzigeuza buluu. Chuma hicho hakikudondoka kutoka angani.

Mimi nakubali kwamba uvunjaji upo. Ninapositasita ni kwenye kiasi. Picha ya hadubini inaonyesha kilichokuwepo dakika ile, haisemi chembe ngapi huvunjwa kwa siku. Hata ile buluu inaweza kusomwa kinyume: kiungo kinachovunja upesi na kurudisha chuma upesi kwenye damu hakibaki na akiba kubwa. Buluu nyingi yaweza kuwa dalili ya chuma kilichokwama.

Na kazi yenyewe si ndogo. Chembe nyekundu za mbuzi zina kipenyo cha takriban mikromita 3, chini ya nusu ya zetu, lakini ni milioni 8 hadi 18 katika kila mikrolita ya damu. Zinaishi kama miezi minne, kwa hiyo kila siku karibu asilimia 1 huondolewa. Himu, ile sehemu yenye chuma iliyomo kwenye hemoglobini (protini nyekundu ya chembe hizo), hukatwa ikawa rangi ya kijani iitwayo biliverdini, kisha ya manjano iitwayo bilirubini, inayopelekwa kwenye ini na kutoka na nyongo, huku chuma kikibebwa na transferini, protini ya damu, kurudi kwenye uboho. Mzigo huo unahitaji kiungo kinachopitisha damu nyingi. Wengu na ini vina sifa hiyo. Vifundo vidogo vilivyotawanyika, sidhani.

Hata hivyo, kuvipuuza kwa sababu ya udogo kungekuwa haraka mno. Mnyama aliyetolewa wengu huendelea kuishi, na chembe kuukuu bado zinaondolewa, kwa hiyo wengu hauko peke yake. Tena, kuvunja chembe si usafi tu. Kwenye ndigana baridi, ugonjwa wa kupe unaoletwa na bakteria aitwaye Anaplasma, makrofaji humeza chembe zilizoambukizwa na hata zisizo na kosa, mbuzi akapungukiwa damu ilhali mkojo wake hauna wekundu. Babesia, kimelea kingine kinacholetwa na kupe, hupasua chembe ndani ya mishipa, ndiyo maana mkojo hugeuka mwekundu. Seli ileile inayozika wazee ndiyo inayokamata wavamizi, na kifundo kilichojaa damu na limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) kwa pamoja kimekaa mahali pazuri pa kufanya yote mawili.

Kwa hiyo naegemea upande huu: vifundo hivi ni vituo vya kinga vinavyovunja chembe kiasi, siyo wengu wa pili. Wa kunibadilisha mawazo alete vipimo: chembe zilizowekwa alama ya kromiamu yenye mnunurisho, zirudishwe kwenye damu ya mbuzi, kisha mnunurisho upimwe kwenye ini, wengu, uboho na vifundo vyote kwa jumla, pamoja na vile vilivyojificha kwenye mafuta.