Dodoma inajengwa: ngazi hizi ni za nani?

Elimu ya watoto wasioona nchini ilianzia hapa kwetu Dodoma, mwaka 1950, Kanisa la Anglikana lilipofungua shule yao pale Buigiri. Tangu Serikali ihamie, majengo yanaota kila upande, nami kila nipitapo kwenye msingi mpya najiuliza kama waliouchora waliikumbuka Buigiri.

Sheria zetu zimetoka mbali. Zile mbili za mwaka 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo, zilimwona mwenye ulemavu zaidi kama mtu wa kutunzwa. Ikaja sera ya taifa ya ulemavu ya mwaka 2004, kisha mwaka 2009 tukaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ikaanza kuzungumza haki: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 3 ya nafasi, na majengo ya umma yafikike.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa mjini, jengo jipya kabisa, alipofika dada mmoja kwenye kiti mwendo. Ngazi zilikuwa saba. Walinzi wawili wakamnyanyua na kiti chake, naye akaibana bahasha ya vyeti kwa kidevu ili mikono yote ishike kiti. Watu wakawashukuru walinzi, na kwa kweli walistahili. Nilipompa pole, alinijibu kwa upole: "Kaka, hii ni mara ya tatu. Wiki iliyopita mlinzi alikuwa mmoja, nikarudi nyumbani."

Kwa hiyo haki iliyotungiwa sheria ilisubiri mlinzi wa pili aje zamu. Hata ile asilimia 3 inakwamia hapohapo, maana atakayeshindwa kuingia kupeleka barua ya maombi hataajiriwa.

Njia ya mteremko ni nafuu zege likiwa bado bichi. Kuvunja baadaye ndiko ghali. Tena isiwe ya kutimiza ramani tu, kwa kuwa nimeona nyingine zilivyo kali, anayejisukuma mwenyewe anarudi kinyumenyume. Naomba Jiji lisitoe kibali cha ujenzi kabla michoro haijapitiwa na watu wenye ulemavu wenyewe, ambao SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyao, inawaunganisha, na mkandarasi asimaliziwe malipo mpaka mtumiaji wa kiti mwendo aipande njia hiyo peke yake, bila kusukumwa na mtu.