Kamera Zinamtazamia Nani?

Mdogo wangu aliporwa simu jioni moja katikati ya Nairobi, hatua chache kutoka kwenye mlingoti wenye kamera ya usalama, na asubuhi yake nilimsindikiza kituoni kupiga ripoti. Nambari ya OB, ya kitabu cha matukio cha polisi, tulipewa bila taabu. Tulipouliza kama picha za kamera ile zingeweza kutazamwa, ofisa wa zamu alituambia turudi wiki ijayo, na wiki ilipofika mwenzake akatueleza kwamba picha za namna hiyo hazitafutwi kwa ajili ya wizi wa simu. Tangu hapo, kila nikipita chini ya mlingoti ule, najiuliza kamera hizi zinamtazamia nani.

Siidharau hofu iliyozileta. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na watu 67 wakauawa. Mwezi Juni uliofuata makumi ya wanaume wakachinjwa na kupigwa risasi Mpeketoni, mji mdogo wa pwani. Katika hali hiyo, mwaka 2014, serikali iliipa kampuni ya Safaricom kandarasi ya takriban shilingi bilioni 14.9 ya kujenga mtandao wa mawasiliano ya usalama wenye kamera zipatazo 1,800 katika Nairobi na Mombasa, pamoja na kuviunganisha vituo vya polisi 195. Bungeni kulikuwa na mabishano makali, lakini sehemu kubwa yake ilihusu bei na namna zabuni ilivyotolewa. Picha zingehifadhiwa kwa muda gani, nani angeruhusiwa kuzitazama, na raia aliyeonewa angekwenda wapi, hayo hayakupewa uzito uleule. Sheria ya Kulinda Data ilikuja kutiwa saini Novemba 2019, miaka mitano baada ya kandarasi, na hata ilipokuja, kifungu chake cha 51 kilitoa msamaha kwa uchakataji wa data unaohitajika kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma. Maneno hayo, usalama wa taifa, ni mapana kiasi kwamba Ibara ya 31 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya faragha, inaweza kubaki nje ya mlango wa chumba cha kamera.

Wapo wanaosema kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa. Ningependa waikumbuke Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Ibara ya 37 inawaruhusu kuandamana kwa amani, lakini wengi walifunika nyuso, na wengine waliacha simu nyumbani. Kufikia Desemba mwaka ule, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya watu kutekwa au kutoweshwa tangu maandamano yalipoanza. Hofu ya namna hiyo haisubiri ithibitishwe ni kamera ipi iliyomnasa nani. Inatosha kijana kujua kwamba uso wake unaweza kurekodiwa leo na mlango wake kubishwa mwezi ujao, naye akaamua kubaki nyumbani. Jirani zetu wa Uganda walikwisha kuyaona haya Novemba 2020, baada ya Bobi Wine, mwanasiasa wa upinzani, kukamatwa na watu kumiminika barabarani: polisi wenyewe walithibitisha kwamba walitumia picha za kamera za jijini kuwatambua waliowasaka. Kamera hizo zilikuwa zimenunuliwa kwa hoja ya kukomesha mauaji ya kiholela mjini Kampala.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ya yote lilitokea ndani ya kituo, si barabarani. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho lililomhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, na usiku huohuo akapata majeraha yaliyomuua. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo. Hapo ndipo kamera zilipohitajika kuliko siku nyingine yoyote, na IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, ikawaeleza maseneta kwamba mitambo ya kamera ya kituo hicho ilikuwa imechezewa. Maafisa walioshtakiwa wamekana mashtaka na mahakama itaamua. Ila picha zilizofutwa hakuna hakimu awezaye kuzirudisha.

Kituo hicho kina historia. Wakati wa ukoloni kiliitwa Kingsway, na Machi 1922 ndipo alipofungiwa Harry Thuku, aliyewachochea watu dhidi ya kodi na dhidi ya kipande, ile hati ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nayo ndani ya kikebe kilichoning'inizwa shingoni, yenye alama za vidole na maelezo ya mwajiri. Watu waliokusanyika nje kudai aachiliwe walipigwa risasi. Kipande kilimfanya Mwafrika asomeke na askari yeyote aliyemsimamisha njiani, na yeye hakuwa na hati yoyote ya kumsoma askari. Nikiitazama milingoti yetu ya leo naiona hali ileile ya upande mmoja, na inanitia uchungu kwamba safari hii tumeigharamia wenyewe kwa kodi zetu.

Sidai milingoti ing'olewe. Nadai kwamba rekodi za kamera za kila kituo cha polisi, kuanzia kaunta ya ripoti hadi ujia wa seli, zipelekwe papo hapo kwenye hifadhi iliyo mikononi mwa IPOA, ili afisa anayelalamikiwa asiwe ndiye mshika ufunguo. Nadai pia kwamba picha za barabarani ziwe na idadi ya siku iliyoandikwa katika sheria, zikipita zifutwe, na kwamba polisi wanaotaka kumtafuta mtu kwa uso wake waende kwanza kwa hakimu kuomba kibali, kama wanavyofanya wanapotaka kupekua nyumba. Na mwananchi aliyeporwa chini ya kamera aweze kuomba picha zake na kujibiwa kwa maandishi, ndani ya siku 21 ambazo Sheria ya Kupata Habari ya 2016 tayari imeziweka kwa ofisi za umma.