Megawati tunazo, njia ya kuzipitisha je?

Watu wanauliza, bwawa la Nyerere pale Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115, sasa mbona umeme bado unakatika? Swali la haki kabisa. Mimi naona tulishangilia megawati tukasahau waya.

Huku kwetu pembezoni mwa Dar transfoma ilifungwa nyumba zikiwa za kuhesabu, leo kuna saluni, mashine ya kusaga, mafundi wa kuchomelea mageti, wapangaji kila chumba na friji yake, na transfoma ni ileile. Ikifika saa moja jioni taa inakuwa nyekundu kama kibatari, friji inanguruma haigandishi, mara paa! fyuzi imekwenda, fezi moja imekufa, majirani wanaulizana dirishani "kwenu upo?" Hapo hata ujenge bwawa la pili hujanisaidia kitu.

Laini kubwa nazo tabia yao ni hiyohiyo, moja ikitoka mzigo wake wa umeme unahamia kwa zilizobaki, zikizidiwa nazo zinajitoa, mitambo inajizima kujilinda. Ndio maana gridi, yaani mtandao wa laini kubwa wa nchi nzima, ikiyumba, kama tarehe 1 Aprili 2024, inazima nchi siyo mtaa.

Machi 2025 Rais Samia aliposema kaskazini itachukua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya watu walikasirika sana, eti tuna bwawa halafu tunanunua. Jamani, kutoka Rufiji mpaka Arusha ni mbali na umeme unapotea njiani, kwa hiyo hesabu yake ipo. Ila wanaopinga nao wana hoja nzito, maana unategemea laini za wenzako, na Kenya wenyewe walizimikiwa karibu nchi nzima Agosti 2023. Mimi ningekubali kununua huku laini ya kilovolti 400 ya Chalinze hadi Dodoma, ya kutoa umeme wa Rufiji kwenda bara, ikimalizwa haraka, siyo kununua badala yake.

Wengine wanataka bei ipande ili hela ya matengenezo ipatikane. Kweli waya haubadilishwi kwa maneno, lakini anayelipa shilingi 100 kwa yuniti, na mwisho wake yuniti 75 kwa mwezi, ndiye yuleyule anayekaa na taa nyekundu. Usimguse kwanza. Mafundi wapite na mita zao saa moja jioni, transfoma hadi transfoma, wapime mzigo, kisha orodha ya zilizozidiwa ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa na tarehe ya kubadilishwa iandikwe pembeni.