Ubao wa Matangazo wa Idara ya Kiingereza Unamfaa Nani?

Ukipita kwenye korido ya idara ya Kiingereza katika chuo kikuu chochote cha Arusha au Moshi, utakuta ubao wa matangazo wenye karatasi za aina mbili: za nafasi za nje, yaani ufadhili wa uzamili Uingereza, mwaliko wa kufundisha Marekani na mashindano ya uandishi, na za nyumbani, kama vile majina ya shule zitakazopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wahadhiri wenyewe hawakubaliani kuhusu uzito wa kila upande. Wapo wanaoamini kwamba mwanafunzi asiyeonyeshwa dunia hataitafuta, na wapo wanaoona kwamba matangazo ya ng'ambo huwapumbaza vijana ambao, kwa sehemu kubwa, wataishia kusubiri usaili wa ualimu wa Sekretarieti ya Ajira.

Kabla ya kuamua nani ana haki, inafaa kuyasoma matangazo hayo mpaka mstari wa mwisho. Mwaliko wa Marekani ndio unaosomwa vibaya kuliko yote. Programu ya Fulbright ya wasaidizi wa ufundishaji wa lugha humchukua kijana mwenye shahada ya kwanza, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza au amesomea fani iliyo karibu nayo, ikampeleka kwenye chuo cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, huku nauli, bima na posho vikilipwa. Akifika huko hafundishi Kiingereza, anafundisha Kiswahili. Shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola nalo halina ada, linataka hadithi ya maneno kati ya 2,000 na 5,000, na linapokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo nafasi mbili zinazodhaniwa kuwa ni mali ya wajuzi wa Kiingereza zinamuuliza mwombaji kitu ambacho idara yake haikumfundisha: anakijua Kiswahili kwa kiwango cha kukieleza sarufi yake mbele ya mgeni, au cha kukiandikia hadithi?

Ufadhili wa Chevening, ule wa uzamili Uingereza, una kikwazo cha namna nyingine. Unataka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana na hawezi kulipata kwa muhula mmoja. Watetezi wa ubao husema kwamba tangazo hilo ni mbegu, na kwamba mwanafunzi anayelijua leo ataanza mapema kujenga wasifu wake. Hoja hiyo ina ukweli, ila mbegu huambatana na maelezo ya namna ya kuipanda. Karatasi iliyobandikwa bila mhadhiri kutenga hata saa moja ya kuonyesha jinsi insha ya maombi inavyoandikwa inamfaa zaidi yule ambaye tayari ana ndugu aliyewahi kuomba. Gharama nayo hubagua kimyakimya. Pasipoti peke yake ni shilingi 150,000, na kwa kijana anayeishi kwa fedha ya Bodi ya Mikopo hicho si kiasi cha kutoa kwa kubahatisha.

Upande wa pili una hoja nzito, na mimi mwenyewe nimechelewa kuikubali. Wahadhiri wanaosema "kwanza Kiingereza chenyewe" wanajua wanachokiona darasani: mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali alisomeshwa kwa Kiswahili miaka saba, akaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na historia zimegeuka Kiingereza, na akafika chuoni akiwa amekariri zaidi kuliko alivyosoma. Kumwongezea mwanafunzi huyo majukumu ya Kiswahili, wanasema, ni kumnyang'anya muda mchache alio nao wa kuziba pengo. Vyuo kama Makumira pale Usa River na Mwenge pale Moshi vinasomesha walimu, na mwalimu wa Kiingereza ambaye Kiingereza chake kinayumba huliambukiza darasa zima.

Hata hivyo hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi mahali pengine kuliko hapa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wakakubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia, na mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye wasemaji wengi wa lugha hizo mbili, ikajiunga. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko mji huohuo. Kwa miaka mingi pia, hadi mwisho wa 2015, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliendesha kesi zake hapa kwa Kiingereza na Kifaransa huku mashahidi wengi wakizungumza Kinyarwanda, na kila neno likipita kwa wakalimani. Taasisi za namna hii hazina haja na mtu wa lugha moja, hata awe fundi wa lugha hiyo kiasi gani.

Ndiyo maana siafiki kwamba suluhisho ni kuongeza matangazo au kuyapunguza. Ninachopendekeza ni zoezi la tafsiri, kwa kuwa tafsiri haishindani na ufundishaji wa Kiingereza. Mwanafunzi anayelazimika kuhamisha aya moja ya hukumu kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili hawezi kujificha nyuma ya kukariri, kwa sababu asichokielewa kitaonekana palepale. Jaribio moja la mwaka wa pili likibadilishwa kuwa zoezi la namna hiyo, likasahihishwa kwa pande zote mbili, muda wa kuziba pengo haupotei. Ugumu ninaouona ni wa kiutawala: msahihishaji wa upande wa Kiswahili yuko idara ya jirani, ana ratiba yake, na mkuu wa idara ya Kiingereza itabidi abishe hodi kumwomba.