Mbuyu upi huo, anko?

Juzi nilikuwa kwenye bajaji na binti wa dada yangu tunatoka Sabasaba hapa Dodoma, yeye yupo kidato cha pili, sasa dereva anapiga stori na abiria mwenzetu kuhusu kibali fulani anachokihangaikia akasema "pale bila kuzunguka mbuyu utasubiri mpaka mvi ziote". Binti akaninong'oneza, "Anko, mbuyu upi huo, ule wa njia ya Mtera?" Dereva alicheka karibu aache barabara.

Tulipofika nyumbani nikamwambia lete daftari la Kiswahili. Ikawepo bwana, zunguka mbuyu: toa rushwa, na vema nyekundu kabisa ya mwalimu pembeni! Kwenye testi alipata, kwenye bajaji hakuitambua. Na simlaumu mtoto, maana alivyofundishwa ni orodha, kushoto nahau kulia maana, vaa miwani ni lewa, pata jiko ni oa, mwaga unga ni poteza kazi, unakariri kama namba za simu halafu mtihani ukiisha zinafutika. Mimi naona hapo ndipo tunapokosea. Nahau mtu hukutana nayo katikati ya sentensi ya mtu mwingine, tena mtu huyo ana hasira au anatania au anaficha jambo, haiji peke yake imepigiwa mstari.

Ajabu ni kwamba watoto wa hapa wamezungukwa na lugha ya picha. Jina la mji wenyewe wazee wanasimulia limetokana na neno la Kigogo, idodomya, eti tembo alikwenda kunywa maji akadidimia kwenye matope. Haya, sasa muulize mwanafunzi kwa nini redio inasema uchumi umedidimia wakati uchumi hauna miguu wala hakuna matope. Hapo sitiari inaingia bila hata kutaja neno sitiari (hayo majina, tashbiha, tashihisi, tafsida, ni muhimu ndiyo ila yangekuja baadaye).

Halafu kuna uzito wa maneno, hili ndilo linaniuma zaidi kwa sababu halifundishwi kabisa nionavyo mimi. Darasa la huyu binti walimtengenezea mwalimu wao kadi, wakaandika "Hongera sana mwalimu kwa kuzaa". Ukienda kwenye kamusi hawajakosea kitu, kuzaa na kujifungua mtoto si anapatikana yule yule? Lakini hata mbuzi anazaa. Mwalimu anajifungua. Vivyo hivyo jirani aliyefiwa humwambii "nasikia baba yako amekufa", unasema amefariki, ametutoka, ila panya wa stoo ukisema amefariki watu watakuangalia mara mbili mbili.

Na Kiswahili kina ujanja wake wa ngeli ambao sijui kwa nini hatuutumii kufundishia. Chukua mteja, mtu anayekaribishwa kiti dukani, itoe ile m- ya mbele ubaki na teja, hapo hapo majirani wanaingiza ndoo ndani. Mzee ni heshima, kizee ni tusi, ingawa kijana naye ana ki- na hana tatizo lolote, lugha nayo ina mambo yake. Kuna mama mmoja pale Majengo anauza wali maharage, ukimwita mama ntilie anakupakulia tu vizuri lakini anakwambia yeye ni mama lishe, kwamba hilo la kwanza linamfanya aonekane wa kuamrishwa. Sahani ni ile ile, bei ile ile.

Mimi na binti sasa tuna mchezo. Akisikia neno namuuliza kasema nani, anamwambia nani, na tukiweka neno lingine pale nini kitaharibika. Na tashbiha nimemkataza zile za "mweupe kama theluji", theluji ameiona wapi, atafute ya hapa hapa. Ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu mmoja muongo, "maneno yake yanateleza kama mlenda", nikampa kumi.

Ya pili kaniletea jana usiku. Nilishamwahidi viatu vya shule tangu mwezi wa kwanza. "Anko, ahadi zako ni kama mvua ya Dodoma, mawingu tunayaona kila siku."

Viatu nanunua Jumamosi.